Troponini ya mama ilizidi ya mjomba: je, moyo wa mwanamke huumia zaidi baada ya upasuaji?

Swali: «Daktari, salamu. Mama yangu ana miaka 58. Wiki tatu zilizopita alifanyiwa upasuaji hapa Nairobi, akabadilishiwa vali ya mitral, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyoharibiwa na homa ya rumatiki aliyougua utotoni, akawekewa vali ya chuma. Asubuhi iliyofuata troponini I yake ilikuwa 4,180. Siku ya tatu ilikuwa 1,620. Alitolewa mashine ya kupumua usiku ule ule na akatoka ICU siku ya pili. Mjomba, yaani kaka yake mama, alifanyiwa upasuaji wa kuunganishiwa mishipa ya moyo mwaka jana katika hospitali nyingine, na karatasi yake imeandikwa "troponini 2,350". Nimesoma kwamba kiwango cha kawaida ni 16 kwa mwanamke na 34 kwa mwanamume. Nikigawanya, mama alivuka kiwango mara 261, mjomba mara 69 tu. Jirani anasema moyo wa mwanamke ni dhaifu na hauhimili kisu. Rafiki wa mama naye anamshauri anunue vidonge vya homoni ili moyo upone. Mama anachoka haraka, lakini anatembea ndani ya nyumba. Je, moyo wake umeumia? Turudie kipimo cha troponini kwenye maabara ya mtaani, au tuanze kuchanga pesa za kumpeleka India?»

Jibu: Dada yangu, kwanza nikupunguzie wasiwasi. Katika tarakimu ulizoniandikia sioni dalili kwamba moyo wa mama umeumia kupita kiasi kinachotarajiwa kwa upasuaji wa aina aliyofanyiwa. Siwezi kumpima mgonjwa kwa barua, na hapa chini nitakuambia ni nani anayepaswa kumwona na lini. Hata hivyo hesabu uliyoifanya, ingawa umeifanya kwa uangalifu na kwa upendo, imetumia kipimo kisichohusika, na ndiyo iliyokutisha.

Troponini ni protini iliyomo ndani ya chembe za misuli ya moyo, nayo husaidia misuli hiyo kujikaza na kulegea. Chembe zikiwa nzima, kinachopatikana katika damu ni kiasi kidogo mno. Chembe zikiumia, protini hiyo huvuja, na maabara huipima kwa nanogramu katika kila lita ya damu. Namba 16 na 34 ulizozisoma ni za kweli, lakini ni za kipimo kimoja mahususi cha troponini I. Zilipatikana kwa kuwapima watu wenye afya na kutafuta kiwango ambacho watu 99 kati ya 100 wako chini yake. Kiwango cha wanawake kiko chini hasa kwa sababu moyo wa mwanamke kwa kawaida una misuli michache zaidi ya ule wa mwanamume, na kwa hiyo huvuja kidogo zaidi hata ukiwa mzima.

Viwango hivyo viliwekwa kwa ajili ya mtu anayefika kasualti akilalamikia kifua, na hapo tofauti ya jinsia ina maana kubwa. Kwa miaka mingi kiwango kimoja kilitumika kwa wote, na wanawake waliokuwa wameumia moyo walirudishwa nyumbani wakiambiwa kipimo ni kizuri. Huko Uskoti, viwango vya jinsia vilipoanza kutumika, idadi ya wanawake waliotambuliwa kuwa na jeraha la moyo iliongezeka kwa asilimia 42, ya wanaume kwa asilimia 6. Linaloniuma ni kwamba hata baada ya kutambuliwa, wanawake hao bado walipewa matibabu machache kuliko wanaume. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa maana linahusu mama yako kuliko namba 16 inavyomhusu.

Mama hakufika kasualti na maumivu ya kifua. Alilazwa mezani, kifua kikafunguliwa, damu yake ikaelekezwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, moyo ukasimamishwa, na daktari akaukata ukuta wa chumba cha juu cha kushoto ili aifikie vali. Mashine hiyo ilitumiwa kwa mafanikio kwa mara ya kwanza na daktari John Gibbon huko Philadelphia mwezi Mei 1953, na mgonjwa aliyenusurika alikuwa binti wa miaka 18. Leo tunajua kwamba moyo hauwezi kufanyiwa haya yote bila kuvuja troponini. Mgonjwa wa kike na wa kiume, kijana na mzee, karibu wote hutoka chumba cha upasuaji wakiwa wamevuka 16 au 34 kwa mbali sana. Kuligawanya tokeo la asubuhi ya pili kwa 16 hakukuambii lolote kuhusu hali ya mama.

Nikueleze kinachotokea, kwa sababu ukikielewa utaona ni kwa nini mama na mjomba hawawezi kupangwa mizani moja. Ili moyo utulie, daktari hubana mshipa mkuu wa aorta kwa kibano, na kuanzia hapo misuli ya moyo haipati damu yake ya kawaida. Kabla haijaanza kuteseka kwa njaa ya oksijeni, humwagiwa maji ya dawa yenye potasiamu nyingi, mara nyingi yakiwa baridi, nayo huusimamisha moyo na kupunguza mahitaji yake ya nguvu. Dawa hiyo hurudiwa kila baada ya muda, kwa maana kinga yake huisha. Kibano kikitolewa, damu hurudi kwa kishindo, na hapo ndipo penye jambo linalowashangaza wengi: sehemu ya jeraha hutokea damu inaporudi. Kalisi huingia ndani ya chembe kupita kiasi, oksijeni huzalisha kemikali kali zinazounguza kuta za chembe, na mitokondria, ambazo ndizo zinazotengeneza nguvu ya chembe, zinaweza kutoboka na kufa. Ongeza hapo sindano na nyuzi zinazopita ndani ya nyama, vyuma vinavyoshikilia moyo uwe wazi, viputo vya hewa vinavyoweza kuponyoka na kuziba mshipa kwa muda, na mshtuko wa umeme unaotumika moyo ukianza kupiga bila mpango.

Upasuaji wa mitral huingia ndani ya moyo. Ukuta hukatwa, vali kuukuu huondolewa, na mpya hushonewa kwenye nyama iliyo hai. Kuunganisha mishipa hufanyika juu ya uso wa moyo, na wagonjwa wengine hufanyiwa moyo ukiwa unaendelea kupiga, bila kibano kabisa. Kama mjomba alikuwa mmoja wao, namba yake ilitarajiwa kuwa ndogo. Halafu karatasi yake haisemi kama ni troponini I au T. Hizo ni protini mbili tofauti, namba zake hazilinganishwi, na hata troponini I ya mashine ya kampuni moja hailinganishwi na ya nyingine. Saa ya kutoa damu nayo ni muhimu, kwa kuwa troponini hupanda katika saa 12 hadi 24 za kwanza kisha hushuka: aliyepimwa jioni ya upasuaji na aliyepimwa asubuhi iliyofuata hawajapimwa kitu kimoja. Figo zikilegea, kushuka huchelewa.

Kuna utafiti mkubwa uliojaribu kujibu swali lako kwa njia sahihi, uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la New England Journal of Medicine. Ulifuata wagonjwa 13,862 wa upasuaji wa moyo katika hospitali 24 za nchi 12, ukauliza: ni kiwango gani cha troponini I ambacho kuanzia hapo hatari ya kufa ndani ya siku 30 huongezeka waziwazi? Kwa waliounganishiwa mishipa, au waliobadilishiwa vali ya aorta peke yake, jibu la siku ya kwanza lilikuwa 5,670. Kwa upasuaji mwingine wa moyo, ambamo mitral ya mama yako imo, lilikuwa 12,981. Viwango hivyo ni vya kipimo maalumu na havitumiki kila maabara, lakini vinakupa picha. Namba ya mama, 4,180, ni kama theluthi moja ya kiwango kinachomhusu. Namba ya mjomba, kama kweli ni troponini I ya kipimo kile kile, iko karibu na asilimia 41 ya chake. Tena ya mama ilishuka hadi 1,620 kufikia siku ya tatu, na hivyo ndivyo tunavyotaka kuona.

Hata namba hizo hatuzisomi peke yake. Katika ICU, muuguzi hujaza karatasi kubwa iliyolazwa miguuni mwa kitanda: kila saa shinikizo la damu, mkojo, damu inayotoka kwenye mirija ya kifuani, na kasi ya dawa zinazousaidia moyo kusukuma. Maabara ikipiga simu kusema troponini iko juu, macho yetu huenda kwenye karatasi hiyo. Mgonjwa mwenye 6,000 ambaye dawa zake zinapunguzwa saa baada ya saa, mkojo unatoka vizuri na mikono ina joto, hutupa matumaini kuliko mwenye 3,000 ambaye dawa zinaongezwa na miguu imeanza kuwa baridi. Huyo wa pili ndiye tunayemkimbilia kwa kipimo cha umeme wa moyo na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na pengine tunamrudisha chumba cha upasuaji usiku huo huo. Mama yako alitolewa mashine ya kupumua usiku ule ule na akatoka ICU siku ya pili. Mimi ningeupa ukweli huo uzito kuliko tarakimu zote mbili.

Sasa niende kwa jirani yako. Moyo wa mwanamke si dhaifu. Katika majaribio ya wanyama, mioyo ya majike ambayo bado yana homoni zake huhimili kukosa damu na kurudishiwa damu vizuri kuliko ya madume: kalisi haijazi chembe kwa kasi ile ile, mitokondria hustahimili zaidi, na mishipa midogo hutanuka vyema. Majike yakiondolewa ovari, faida hiyo hupungua. Kwa binadamu picha ina mawingu zaidi, kwa sababu wanawake wengi wanaounganishiwa mishipa ya moyo wamekwisha kuvuka ukomo wa hedhi, na tafiti zilizolinganisha uvujaji wa troponini kati ya wanaume na wanawake baada ya upasuaji zimetoa majibu yasiyofanana. Hakuna msingi wa kusema kwamba misuli ya mwanamke huharibika kirahisi kwa sababu tu ni ya mwanamke.

Hata hivyo sitakuficha kwamba matokeo ya wanawake si sawa na ya wanaume. Nchini Marekani, katika rekodi za watu zaidi ya milioni 1.2 waliounganishiwa mishipa ya moyo kati ya 2011 na 2020, wanawake waliofariki walikuwa asilimia 2.8 na wanaume asilimia 1.7, na pengo hilo halikupungua katika muongo wote. Hizo ni takwimu za upasuaji wa mjomba, usizihamishie kwa mama moja kwa moja. Lakini EuroSCORE II, kikokotoo ambacho madaktari wa upasuaji hutumia kukadiria hatari, nacho humhesabia mwanamke hatari ya ziada. Ikiwa misuli yenyewe si dhaifu, hatari hiyo inatoka wapi? Hapa ndipo ningependa familia zote, na wenzangu pia, watulie kidogo.

Inatoka kwanza kwenye damu. Kabla mashine ya moyo na mapafu haijaunganishwa na mgonjwa, mirija yake hujazwa maji yenye chumvi na madini, kwa kawaida lita moja hadi moja na nusu. Maji hayo huingia kwa kiasi kile kile katika mwili wa mwanamume wa kilo 85 na wa mwanamke wa kilo 52. Mtu yeyote aliyewahi kuongeza kikombe cha maji katika sufuria ndogo ya chai na katika kubwa anajua ni ipi itakayochujuka. Na mwanamke huyo huenda aliingia akiwa na damu kidogo tangu mwanzo, kwa sababu ya hedhi nzito, vimbe za mfuko wa uzazi, mimba zilizofuatana, au chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 12 za hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito na chini ya 13 kwa mwanamume, na husisitiza viwango hivyo vipandishwe kidogo kwa wanaoishi miinukoni. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo 12 ya hapa si sawa na 12 ya Mombasa. Damu ikichujuka mno, moyo uliotoka kwenye kibano hurudishiwa damu yenye oksijeni haba katika saa ile unapoihitaji kuliko zote. Uchambuzi wa rekodi za wagonjwa wa kuunganishiwa mishipa nchini Marekani umeonyesha kwamba upungufu wa damu wakati wa upasuaji unaeleza zaidi ya theluthi moja ya vifo vya ziada vya wanawake. Jambo hilo linarekebishika. Mgonjwa anaweza kupimwa madini ya chuma wiki kadhaa kabla na kuongezewa, mirija ya mashine inaweza kufupishwa, na maji ya kuijazia yanaweza kupunguzwa.

Pili, inatoka kwenye kuchelewa, na hapa nazungumza kwa uchungu. Ugonjwa wa vali unaotokana na homa ya rumatiki ni ugonjwa wa wanawake katika bara letu. Katika utafiti wa REMEDY, uliohusisha wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, theluthi mbili walikuwa wa kike, na nusu ya wagonjwa wote walikuwa na umri wa miaka 28 au chini yake. Wengi hugunduliwa mimba inapoulemea moyo. Wengine huhema wakipanda ngazi kwa miaka, na kila wakilalamika huambiwa ni unene, ni presha ya mawazo, ni kazi nyingi za nyumbani. Hata vipimo vyetu vimewahi kuwachelewesha: kwa vali ya mitral inayovuja, kwa miaka mingi miongozo mikuu ilitumia upana wa chumba cha chini cha kushoto, kikiwa kimejikaza, wa milimita 40 kama moja ya ishara za kufanya upasuaji, bila kujali mwili wa mgonjwa, na mwanamke mdogo wa umbo hufika milimita 40 moyo wake ukiwa umetanuka zaidi kwa kadiri yake kuliko wa mwanamume mkubwa. Moyo unaoingia chumba cha upasuaji ukiwa umechoka huumizwa zaidi na kibano kile kile.

Sababu nyingine nazitaja kwa haraka kwa kuwa zinahusu zaidi kuunganisha mishipa. Mishipa ya moyo ya wanawake ni myembamba, hata ukizingatia ukubwa wa mwili, na ni vigumu zaidi kuishona. Wanawake hufika wakiwa na umri mkubwa zaidi, na mara nyingi wana kisukari na shinikizo la damu. Pia huwekewa kwa nadra zaidi vipande vya ateri kama mishipa ya kuunganishia, ambavyo hudumu kuliko vile vya vena ya mguuni. Tena kuna hali moja ambayo huwapata hasa wanawake waliovuka ukomo wa hedhi, iitwayo takotsubo, ambapo ncha ya moyo hulegea ghafla kwa sababu ya mfadhaiko mkali wa mwili au wa roho, upasuaji ukiwemo. Troponini hupanda kiasi tu, ilhali eko huonyesha moyo unaosukuma vibaya sana, na walio wengi hupona ndani ya wiki chache. Naitaja ili ujue kwamba namba kubwa na jeraha kubwa haviendi pamoja siku zote.

Kuhusu vidonge vya homoni, nakusihi mama asivinunue. Naelewa mantiki ya rafiki yake: ikiwa estrojeni hulinda moyo, basi irudishwe. Wazo hilo lilijaribiwa kwa wanawake 16,608 nchini Marekani, na sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka 2002 kabla ya wakati wake kwa sababu waliopewa estrojeni pamoja na projestini walipata saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda na ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi ya wale wasiopewa. Mama ana vali ya chuma ambayo tayari inaweza kugandisha damu, na anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu hiyo. Kuongeza dawa inayochochea kuganda ni kumwingiza katika hatari isiyo na faida yoyote kwa moyo wake. Kama anasumbuliwa na joto la ghafla au kukosa usingizi kwa sababu ya ukomo wa hedhi, amwambie daktari wake waziwazi. Zipo njia nyingine.

Sasa mfanye nini? Kurudia troponini kwenye maabara ya mtaani, kwa mgonjwa wa wiki tatu asiye na maumivu mapya, hakutawasaidia. Mtapata namba kutoka mashine nyingine, mtakosa usingizi tena, na hakuna daktari atakayebadilisha matibabu kwa ajili yake. Pesa hizo zitumieni kwa vipimo vinavyobadilisha uamuzi. Cha kwanza ni INR, kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kwa maana kwa vali ya chuma ya mitral tunailenga kati ya 2.5 na 3.5, ikiwa chini damu yaweza kuganda kwenye vali, ikiwa juu anaweza kuvuja damu. Cha pili ni hemoglobini na madini ya chuma: anachoka haraka, na katika wiki ya tatu uchovu wa namna hiyo mara nyingi unatokana na damu iliyopungua kuliko na misuli ya moyo iliyoharibika. Ni kipimo cha bei nafuu ambacho ningeagiza wiki hii. Cha tatu ni eko ya wiki ya sita hadi ya kumi na mbili. Hiyo ndiyo itakayojibu swali lako la msingi, kwa kuwa huonyesha moyo unasukuma kwa nguvu kiasi gani, kama upande wa kulia umeanza kupumzika baada ya miaka ya shinikizo, kama vali mpya inafunguka vizuri, na kama kuna maji yaliyojikusanya kuzunguka moyo. Omba upewe nakala ya eko ya kabla ya upasuaji ili zilinganishwe. Kipimo cha sumaku kinachochora kovu la moyo kipo katika baadhi ya hospitali za Nairobi, lakini ni ghali na ningekiomba tu kama eko ikionyesha udhaifu usioelezeka.

Safari ya India ningeiweka kando kabisa kwa sasa. Haina jibu ambalo eko ya hapa haina, na mgonjwa mwenye vali mpya ambaye INR yake haijatulia anahitaji kuwa karibu na kliniki yake kuliko kukaa saa nyingi ndani ya ndege. Eko ikionyesha tatizo, basi mnaweza kutafuta maoni ya pili, na mnaweza kuyapata hapa hapa Nairobi kutoka kwa daktari wa moyo wa hospitali nyingine.

Kuna mambo ambayo hayangoji kliniki. Mpeleke kasualti iliyo karibu, saa hiyo hiyo, akipata maumivu ya kifua tofauti na yale ya kidonda, akihema akiwa amekaa au akashindwa kulala chali, akizimia au akawa na kizunguzungu kikali, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakipotea. Kwa wanawake moyo mara nyingi hulalamika pia kwa kichefuchefu, jasho baridi, au maumivu ya mgongo na taya, kwa hiyo msikubali kuambiwa ni asidi ya tumbo kabla hajapimwa umeme wa moyo. Katika wiki hizi, mgonjwa anayekunywa warfarini anaweza kukusanya damu polepole kuzunguka moyo. Dalili yake ni kuhema na kulegea kunakozidi siku hadi siku huku shinikizo la damu likishuka. Vali ya chuma hutoa sauti ndogo ya tik, tik, ambayo pengine umeisikia usiku nyumba ikiwa kimya. Sauti hiyo ikififia au ikapotea huku mama akihema, ni dharura. Homa, usaha kwenye kidonda, au uzito kuongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku mbili au tatu, mpigieni daktari siku hiyo hiyo.

Ningependa pia uitishe kikao kidogo nyumbani. Mwanamume akitoka hospitali hupelekewa chai kitandani. Mama akitoka, baada ya wiki mbili tunamkuta jikoni, kwa sababu anaweza kusimama na hakuna aliyemwambia aketi. Mfupa wa kifua huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kushikana, na mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, mara nne ya kilo tano ambazo tungemruhusu. Asibebe maji, asisukume mtungi wa gesi, asimnyanyue mjukuu. Mtoto na aletwe mapajani mwake. Sidiria laini inayoshikilia vizuri, yenye kufungwa kwa mbele, hupunguza mvuto wa matiti kwenye mshono. Hilo wauguzi wa kike hulijua na madaktari wa kiume husahau kulisema. Kutembea ni lazima, kwa kuongeza kidogo kila siku, na muulize daktari kuhusu mazoezi ya kurejesha nguvu yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa wanawake hupewa rufaa hiyo kwa nadra kuliko wanaume hata pale huduma ilipo.

Na mjomba naye msimwache kwa sababu namba yake ilikuwa ndogo. Kuunganishiwa mishipa hakukumwondolea ugonjwa ulioiziba, na mwaka mmoja baadaye ndipo wengi huacha aspirini na statini (dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu) wakijiona wamepona. Muulize kama bado anazinywa, shinikizo lake la damu liko ngapi, na lini mara ya mwisho alipimwa sukari. Siku ya kliniki ya mama, nendeni naye pamoja kama anaweza, na mbebe karatasi za kuondokea hospitali za wote wawili, orodha ya dawa, na kitabu cha INR.